Jogoo Wawili Ndani ya Tenga

Funikeni vitabu vya nyimbo kwanza, tupumzishe macho kidogo. Nataka niwasimulie habari za mama mmoja. Simtaji jina wala kijiji, maana huu ni mfano tu, ila nikifika mwisho baadhi yenu mtasema mnamfahamu.

Mama huyu alikuwa mjane, anafuga kuku wa kienyeji, arobaini kwa hesabu. Binti yake alikuwa amepata mchumba, kijana mtaratibu, na Jumamosi moja wakwe walikuwa wanakuja kuleta posa. Mnajua siku kama hiyo inavyokuwa. Ua unafagiliwa mara mbili, vikombe vinaazimwa kwa jirani, na jogoo wa kuchinjwa anajulikana tangu wiki iliyopita. Na firigisi ni ya nani? Wanaume naona mnatabasamu. Firigisi ni ya baba wa kijana. Asipoiona kwenye bakuli hatasema kitu, lakini atakumbuka mpaka wajukuu wazaliwe.

Asubuhi ya Jumamosi hiyo mama akafungua banda, akakuta kuku wawili wamekufa. Jana yake walikuwa wazima kabisa, wanaparua shambani kwa jirani.

Wifi yake, aliyekuja kusaidia kupika, akatoka jikoni na kisu cha vitunguu mkononi. Akatazama, akasema, "Mdondo huo, wifi. Si kila mwaka unakuja? Zika hao wawili, tuchinje wengine upesi kabla nao hawajaanguka."

"Mdondo nimewachanja mwezi uliopita," mama akamjibu. "Hiki mimi sikijui."

"Haya, na wageni utawapa nini?"

Sasa ndugu zangu, miezi michache nyuma bwana mifugo alikuwa amepita kijijini pale. Aliwaeleza watu mkutanoni habari za mafua ya ndege: kwamba yanaua kuku kwa maelfu, kwamba mara nyingine yanampata mtu aliyeshika kuku mgonjwa, na kwamba wataalamu wa dunia wanahofia siku yatakapoanza kupita kwa urahisi toka mtu hadi mtu. Akawaachia namba ya simu. Kuku wakifa ghafla, alisema, usichinje, usiuze, usigawe, nipigie. Watu walicheka. Nani apige simu kwa ajili ya msiba wa kuku? Mama huyu naye alicheka na wenzake, lakini alipofika nyumbani aliiandika ile namba kwa mkaa kwenye mlango wa banda. Nampenda sana kwa jambo hilo.

Basi akapiga. Bwana mifugo akamwambia: funga banda, usimshike yeyote kwa mikono mitupu, usichinje hata mmoja, mimi nafika alasiri.

Saa sita mchana wakwe wakaingia. Baba wa kijana alitangulia, na tenga mkononi. Ndani yake jogoo wawili wamefungwa miguu, zawadi ya mama wa binti. Akaliweka kando ya mlango. Wakakaribishwa, wakanawa, chakula kikaja. Ugali, maharage na mchicha.

Mmewahi kusikia ukimya wa wageni wanaotazama bakuli? Kuku thelathini na nane wanapiga kelele bandani kwa kufungiwa, na mezani hakuna hata kipapatio. Binti akainamisha kichwa. Alijua posa zimewahi kuvunjika kwa makosa madogo kuliko hilo.

Niambieni, mama huyu angekosa uongo wa kuwapa? Angesema daktari kamkataza nyama. Angesema mwizi kaingia. Hakusema hayo. Alisimama, akasema, "Wazazi wenzangu, msinielewe vibaya. Kuku ninao, mnawasikia. Leo asubuhi wawili wamekufa, na kilichowaua sikijui. Nimemwita bwana mifugo. Siwezi kuwalisha wageni wangu kitu nisichokijua, na hata kuku wa kuondoka naye sitawapa leo. Kama ni aibu ni yangu, binti yangu hahusiki."

Baba wa kijana akarudisha tonge kwenye sahani. Wenzake wakaanza kutazama viatu vyao. Mama akasema moyoni, nimeshamharibia mwanangu.

Kisha yule mzee akaelekeza kidole kwenye tenga.

"Mama," akasema, "hao jogoo usiwafungue. Kwangu wamekufa kumi na mmoja tangu Jumatano. Hao ndio waliobaki wamesimama. Nikaona afadhali wawe zawadi kuliko wanifie mkononi."

Bwana mifugo alipofika alichukua vipimo pande zote mbili. Siku chache baadaye majibu yakarudi. Wale kuku wawili wa mama walikuwa wamekula mbegu za mahindi zilizopakwa dawa, walizofukua shambani kwa jirani. Ugonjwa haukuwepo. Aibu yote ile, maharage yote yale, kwa ajili ya mbegu za mahindi.

Jogoo wa kwenye tenga ndio waliokuwa na mafua ya ndege.

Mlitaka niwaambie kwamba mama alikuwa sahihi kuhusu kuku wake? Hakuwa sahihi. Lakini angenyamaza yeye, na mzee angenyamaza. Kamba zingefunguliwa, jogoo wangeingia bandani, na yule binti ndiye angewapa maji kila asubuhi. Badala yake, jioni ileile wataalamu walifika nyumbani kwa mzee, wakafunga banda, wakawafuatilia watu wa nyumba ile siku baada ya siku, na hakuna aliyeugua. Harusi ilifungwa. Walikula mbuzi.

Ndugu zangu, dunia inajiandaa, na mimi nawaheshimu wanaoiandaa. Kuna watu wamekesha maabara miaka na miaka, kuna chanjo zinatafutwa kwa ugonjwa ambao labda hautakuja, na Mungu awape nguvu. Lakini watu wale wote, na mashine zao zote, wanamsubiri mtu mmoja akubali kuona haya mbele ya wageni wake. Wasipopata huyo, hawana pa kuanzia.

Nasi je? Mara ngapi tumeuza haraka kitu tulichokitilia shaka? Mara ngapi tumempa mwenzetu kwa tabasamu kile ambacho sisi wenyewe tusingekila? Tunapenda kujiuliza kama tuna moyo wa yule mama. Mimi nadhani tuanze kwa kuangalia tenga tulilobeba.

Namba ya bwana mifugo wetu imebandikwa pale mlangoni. Usilale leo bila kuiandika. Asiye na kalamu, jikoni kwake mkaa upo.