Tarumbeta ya Mto Luvumo

Hapo zamani, si ile ya sungura na fisi, bali zamani ya juzi tu, redio zikiwa bado za mbao, kijiji cha Kwamsanja kilikuwa na ngoma ya beni. Wengi wenu hamkuiona. Vijana wamevaa suti nyeupe zilizopigwa pasi ya mkaa, wamejipanga mistari, na mbele yao inalia tarumbeta moja ya shaba. Ikilia huku, ng'ambo ya mto mama anasahau ugali jikoni. Kijiji kizima kilivuna pamba msimu mzima ili kuinunua. Mpulizaji wake aliitwa Mhando.

Siku moja beni ilialikwa arusini ng'ambo. Mto Luvumo umefurika, kivuko kimejaa watu, na katikati ya maji kamba ikakatika. Kivuko kikalala ubavu. Mtoto wa kike wa miaka sita, jina lake Staha, akachukuliwa na maji. Mhando mkono mmoja ameshika ukingo wa kivuko, mkono wa pili ameshika tarumbeta. Akafungua vidole. Tarumbeta ikazama, mtoto akadakwa nywele, akapona.

Beni ikafa siku ile. Zile suti nyeupe zikalimiwa shambani mpaka zikaisha.

Ikapita miaka arobaini na ushei. Akatokea Semkiwa, fundi redio wa mjini, mzaliwa wa Kwamsanja, mtu wa mvi sasa. Utotoni alikimbia nyuma ya beni mpaka nyayo zikachubuka, kwa sababu baba yake alikuwa mmoja wa wale wenye suti. Semkiwa alipenda kupiga mbizi. Si kwa kazi, kwa raha yake tu. Kila Jumapili ya kiangazi huvaa miwani ya maji, huzama Mto Luvumo, huibuka na chupa za kale, kufuli zilizoota kutu, vigae vya vyungu. Mkewe humcheka:

"Baba Rehema, wenzako huenda mtoni kuchota maji, wewe unachota takataka!"

Naye hucheka, akapanga takataka zake dirishani.

Jumapili moja Bi Staha, mama mtu mzima, akamkuta ukingoni.

"Kaka, unatafuta nini humo?"

"Chochote, dada. Napenda kuona mto umeficha nini."

"Basi zama pale, chini ya jiwe lile jeusi. Mahali nilipotaka kufia sijapasahau."

Semkiwa akazama, akapata matope. Jumapili ya pili, matope. Jumapili ya tatu mizizi ikamnasa mguu, akaibuka anatapika maji, mkewe akamlilia aache. Jumapili ya nne mkono wake ukagusa kitu baridi, chembamba huku, kipana kule.

Akakaa nacho miezi mitano. Akakisugua kwa ndimu na majivu, akanyoosha palipobonyea, akaziba matundu kwa lehemu. Alipokitia mdomoni kikakoroma kama mzee aliyeamshwa. Semkiwa akafumba macho, akaona viatu vya marehemu baba yake vikitimua vumbi. Akalia palepale, wateja wakadhani amefiwa.

Kwa furaha akaipeleka tarumbeta Kwamsanja ionekane. Ndipo maneno yalipoanza.

Mwenyekiti wa kijiji, Kilua, akasema: "Ahsante sana, Bwana Semkiwa. Sasa iache hapa. Pamba ya wazazi wetu ndiyo iliyoinunua. Tunataka watoto wetu nao wacheze beni."

Bi Staha akasema: "Na mimi je? Hiyo ndiyo fidia ya roho yangu. Tena aliyeonyesha mahali ni nani? Nipeni niitundike ndani, wanangu wajue mama yao alikombolewa kwa kitu gani."

Semkiwa akasema: "Miaka yote hiyo ilikuwa palepale. Nani alizama? Mlikuwa mmekwisha kuisahau. Mimi nimeitoa kwenye matope nusura nife, mimi nimeirudishia sauti."

Wakavutana mpaka mahakama ya mwanzo. Hakimu, mama mmoja wa maneno machache, akawasikiliza wote, kisha akasema:

"Kilichopotea kina mwenyewe, hata kikikaa majini miaka mia. Kilichoachwa ni cha aliyekiokota. Sasa hii ilipotea, au iliachwa? Mwiteni aliyekuwa ameishika."

Mzee Mhando akaletwa juu ya baiskeli ya mwanawe, haoni vizuri. Akaipapasa tarumbeta kuanzia pa kupulizia hadi kinywa chake kipana, akatabasamu.

"Haikunitoka," akasema. "Niliifungulia vidole mwenyewe. Nikauambia mto: chukua hii, niachie mtoto. Mto ukakubali. Cha mapatano hakirudiwi, wanangu. Irudisheni majini."

"Baba Mhando!" Bi Staha akaguta, mkono kifuani.

Hakimu akauliza: "Mzee, ilikuwa yako hata uitoe?"

"Haikuwa yangu. Ilikuwa ya kijiji. Lakini mkono ulikuwa wangu, na mtoto alikuwa anakwenda."

Mzee akaomba apulize mara moja tu. Meno hana, sauti ikatoka ikiyumba, lakini wimbo ulikuwa uleule wa kuingilia arusini. Nje, wauza ndizi wakatua matenga. Kilua, bila kujijua, akanyoosha mabega kama aliye mstarini. Semkiwa akajikuta ana miaka saba, anakimbia, na mbele yake mgongo mweupe wa baba yake haupotei.

Wimbo ukakoma. Mzee akaiweka tarumbeta juu ya meza, akaondoa mkono. Hakimu akalaza kalamu.

Haya, nyinyi mlionyamaza tangu nianze, kalamu ni yenu. Kuna kijiji kilichovuna pamba. Kuna Staha aliyekombolewa kwayo na kukumbuka mahali. Kuna Semkiwa aliyezama na kuirudishia sauti. Na uko mto, ambao mzee anasema ulipewa, nao peke yake haukuja mahakamani kudai. Je, tarumbeta ile, nani aliistahili?