Inzi wa Manyoya ya Nyani

Hodi, ngano yaja!

— Ingia, moto unawaka!

Sijasikia! Nyie mmekula, au mmelamba sufuria tu? Hodi, ngano yaja!

— Ingia, moto unawaka!

Ehee, sasa mmeamka. Tusekile, vuta kanga ufunike miguu, sogea huku kwa shangazi yako. Habari hii kanipa Mdiria, yule ndege mvuvi, naye kaambiwa na mke mkubwa wa Nyani, aliyekatazwa kabisa asimwambie mtu. Kwa hiyo na nyie msimwambie mtu. Ha ha haaa!

Basi kilikuwa kipupwe, baridi ile ya kung'ata masikio. Mto umepungua, maji yamekuwa maangavu unaona mpaka kokoto. Wale samaki wa manjano, wanene, magamba kama ndizi mbivu, wote wamezama chini kabisa, chini ya mwamba, wamepoa. Hawaruki, hawakimbizi kitu. Ukiwatupia mnyoo, wanamwangalia tu kama wageni wasiopenda ugali wako.

Kando ya mto alikaa Mama Sange. Sange mnamjua? Kadogo kama panya, pua ndefu inanusanusa umbea, kama yangu hii! Shimoni ana vitoto, vimezaliwa juzijuzi, uchi kabisa, vinatetemeka tete tete tete. Na maziwa yanamkauka kwa njaa. Sasa kale ka mwisho, kadogo kuliko vyote, kakaanza kuacha kutetemeka. Mnajua maana yake? Mnajua. Basi tusiseme.

Mama Sange akasema, "Haka hakafi mbele ya macho yangu."

Akachukua mwiba uliopinda. Akafunga unywele wake mmoja, akafunga na kanyoya ka ndege, akazungusha, akazungusha, akatoa inzi. Inzi wa uongo! Ukimwona unataka umfukuze asitue kwenye uji. Akamtia kwenye uzi wa katani, uzi akautia kwenye kijiti. Hakwenda alfajiri, ana akili. Alingoja jua lipashe maji, samaki wafumbue jicho. Fyuuu... tii! Inzi akatua. Akazama polepole, polepole, mpaka mbele ya mdomo wa samaki. Samaki mvivu, hana haja hata ya kusogea, akapanua mdomo tu. Hap!

"Nimempata!" akasema Mama Sange.

"Umenipatia," likasema jitu nyuma yake.

Nani? Nyani dume! Mabega kama mlango wa ghala. Na enzi hizo, sikieni vizuri, Nyani alikuwa na manyoya mwili mzima, hata huko nyuma. Hasa huko nyuma! Manene, laini, godoro tupu. Akitembea anayatikisa makusudi, wake za watu waone.

"Mwamba wa nani huu?" akauliza Nyani.

"Wako, Bwana Nyani."

"Maji ya nani?"

"Yako, Bwana Nyani."

"Basi samaki wa nani?"

Mama Sange akameza mate. "Wako, Bwana Nyani."

Nyani akamla samaki, nyam nyam nyam, akamwachia magamba. Kesho yake Mama Sange akaja tena. Fyuuu, tii, hap! Mwamba wa nani? Wako. Maji ya nani? Yako. Nyam nyam nyam. Magamba.

Siku iliyofuata Mama Sange akamwahi. "Bwana Nyani, hawa ninaokuvulia ni watoto. Babu yao yuko chini huko, mnene kama gogo. Lakini kwa inzi wangu huyu hatoki."

Nyani mate yakamdondoka, do do do. "Anatokaje?"

"Ana baridi, maskini. Anataka inzi wa manyoya yenye joto."

"Yenye joto?"

"Yenye joto. Yaliyokaliwa."

"Yaliyokaliwa?"

"Yaliyokaliwa sana, Bwana Nyani."

Nyani akajipapasa kifua. Akajipapasa bega. Akajipapasa... ha ha haaa! Akashika fungu zima. Nyo! "Uwiii!"

Mama Sange akafunga kidogo kwenye mwiba, mengine akayaweka pembeni. Nyani akarusha. Chubwi! Samaki wote mbio.

"Vipi?" akauliza Nyani.

"Amekuja, akanusa, akasema inzi bado mdogo."

Nyo! "Uwiii!" Chubwi!

"Na sasa?"

"Amekuja, akanusa, akacheka kidogo. Ongeza."

Nyo! "Uwiii!" Chubwi! Mpaka yule inzi akawa mkubwa kama kuku anayeatamia. Na kila Nyani akiinama kuangalia maji, Mama Sange anang'ata furushi la manyoya, mbio shimoni, anavifunika vitoto, mbio anarudi, sura ya huruma.

Huko nyuma kwa Nyani kukaisha. Kweupe! Kunang'aa kama sufuria iliyosuguliwa na mchanga.

"Kesho anaingia," Mama Sange akamwambia. "Njoo kabla ya jua. Jiloweshe huko nyuma, harufu imfikie vizuri. Halafu kaa mwambani, usitikisike, anaogopa vivuli."

Alfajiri umande umeganda juu ya mwamba, mweupe kama chumvi. Nyani akajilowesha, chwa chwa. Akakaa, pa! Hatikisiki. Baridi ikapanda, yeye anafikiria gogo lake tu.

Jua likatoka. Mama Sange akaja na kainzi kake. Fyuuu... tii... hap!

"Lete!" Nyani akanguruma. Akataka kuinuka. Wapi! Ngozi imegandana na mwamba. Akavuta. "Uwiii!"

"Mwamba wa nani huo, Bwana Nyani?"

"Wangu! Nivute!"

"Kweli ni wako. Unaona ulivyokung'ang'ania?"

Fyuuu, tii, hap! "Na maji ya nani?"

"Yako! Yako, Mama Sange!"

Fyuuu, tii, hap! "Basi samaki wa nani?"

"Wako, na wajukuu zao wako, niitie mke wangu!"

Mke akaja. Akaangalia. Akakaa chini akacheka mpaka akashika mbavu, ndiyo maana tunajua leo. Mwamba ulipopata joto, Nyani akabanduka, pwaaa! Mekundu! Mekundu mpaka leo. Kipupwe kikifika haonekani mtoni, yuko kwenye mahindi ya watu, na kabla ya kukaa anagusa jiwe kwanza kwa kidole.

Mama Sange akala, akashiba, maziwa yakarudi. Akaingia shimoni, akapekua manyoya ya Nyani. Kale ka mwisho kakasikika: tete tete tete. Kanatetemeka! Halafu kakatafuta ziwa.

Sasa fundisho, na msicheke. Muwe wakarimu kama Bwana Nyani, aliyetoa cha mwilini mwake kufunika watoto wa jirani. Na msiwe waongo kama Mama Sange. Mwongo mbaya sana yule! Vitoto vyake vyote vilikua.

Ngano inaaga!

— Nenda salama, mlango tutafunga!

Ufungeni basi, baridi inaingia. Na ole wake atakayekaa kwenye lile jiwe la nje.