Slaidi Nane za Mkaa wa Pumba

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, maana simu zilikuwapo na umeme ulikatika kama unavyokatika leo, waliishi Ifakara marafiki watatu: Osmunda, Gaudensi na Sikudhani. Sikilizeni vizuri, kwa sababu mwishoni nitawauliza.

Osmunda alitengeneza mkaa, lakini si wa miti. Alizoa pumba za mpunga zinazotupwa nyuma ya mashine za kukoboa, akazichoma, akazichanganya na uji wa muhogo, akazishindilia kwenye kalibu. Mkaa wa kwanza ukameguka. Wa pili ukameguka. Hakuacha, kwa kuwa mama yake alikaanga maandazi kwa kuni maisha yake yote, na sasa kifua kilimbana hata akitembea uani. Mkaa wa tatu ukasimama.

Sikudhani, mama lishe wa stendi, ndiye aliyeupikia kwanza. Akawashawishi wenzake, huyu leo, yule kesho, mpaka stendi nzima ikawa inapikia pumba.

Ikasikika kwamba mwekezaji mmoja, Bi. Maimuna, anakuja Morogoro kusikiliza kampuni changa za nishati safi. Kila kampuni ingepewa dakika kumi na ukuta wa kuonyeshea slaidi. Osmunda akaandika slaidi arobaini, karibu zote za mashine yake ya kushindilia mkaa: joto, unyevu, mgandamizo. Gaudensi, aliyekuwa akibuni kadi za harusi, akazisoma na kukuna kichwa.

"Dada, huyu mama haji kujifunza kutengeneza mkaa," alimwambia. "Anataka kujua nani anaumia, wewe unamsaidiaje, nani atanunua, na fedha yake utaifanyia nini. Basi."

Akakata, akakata, zikabaki nane. Osmunda alilia alipoona mashine yake imebakiziwa mstari mmoja. Slaidi ya kwanza ilikuwa mama yake akipuliza kuni. Ya tano ilikuwa picha kubwa ya jiko la Sikudhani, na chini yake maneno: Bila moshi hata kidogo.

Siku ikafika, wakaenda Morogoro wote watatu. Gaudensi akaeleza, na kueleza alijua. Bi. Maimuna akaweka simu yake kando, akasikiliza. Walipofika slaidi ya saba akaomba warudishe ile ya jiko. Akauliza, hicho cha bluu kinachochungulia kati ya makaa ni nini?

Kilikuwa kipande cha mfuko wa nailoni, ambao ukiungua hutoa moshi mweusi. Pale stendi kila mtu huwasha jiko kwa nailoni, na wao walishaizoea, ndiyo maana waliitazama picha ile wiki nzima na hakuna aliyekiona. Gaudensi akaanza kusema labda kililetwa na upepo. Osmunda akainamisha kichwa. Sikudhani akasimama.

"Ni nailoni, mama. Mkaa wetu ukishashika hauna moshi, hilo naapa. Ila kushika ni kazi, na sote tunauwashia nailoni. Hayo maneno hapo chini si kweli."

Gaudensi akayafuta maneno yale mbele za watu, akaandika: Kilichobaki ni kuwasha. Osmunda naye akapata sauti. Akaeleza kwamba tundu katikati ya kila kipande lingepitisha hewa, mkaa ushike bila nailoni, na kwamba kalibu ya kutoa tundu hilo ndiyo wangeinunua kwanza kwa fedha yake.

Bi. Maimuna akakubali, kwa sharti moja. Alitaka mkuu mmoja, mwenye neno la mwisho. Aliwahi kuwapa fedha wakuu watatu, wakagombana mpaka kampuni ikafa. Angepiga simu kesho yake asubuhi, na wasipokuwa na jina angechagua kampuni nyingine.

Asubuhi wakakaa uani kwa Osmunda, mama akikohoa ndani.

"Mkaa ni wangu," alisema Osmunda. "Nimeungua vidole kwa ajili ya huyo mnayemsikia. Leo niombe ruhusa kwenye kazi yangu mwenyewe?"

Kweli.

"Ni wako," alisema Gaudensi, "lakini kwa slaidi zako arobaini, yule mama angesinzia hata jiko hajaliona. Mimi ndiye niliyemfanya asikilize."

Nalo kweli.

"Akasikiliza nini?" alisema Sikudhani. "Nyie wawili mngemwacha aondoke na uongo. Alituamini niliposimama."

Osmunda akamuuliza kwa nini hakuyasema hayo nyumbani, kabla hawajaaibika. Sikudhani akajibu kwamba walimuuliza kama kuna moshi chakula kikiiva; habari ya kuwasha hakuna aliyemuuliza. Hilo nalo kweli, na ndilo linalonitesa mimi.

Msidhani walikuwa na choyo. Kila mmoja aliogopa kuwa kibarua wa rafiki yake, na mimi siwalaumu hata kidogo.

Simu ikaita juu ya kigoda. Mle ndani mama akabana kikohozi ili asikie. Ikaita tena, na wote watatu wakaitazama.

Haya, nyinyi mlionisikiliza: jina la nani ndilo lililostahili kutajwa?