Shiraa ya Karani Mbaraka

Mji wa Zumbarani, zama ambazo majini walikuwa bado wakiitika wito wa binadamu, ulitawaliwa na Sultani Badawi bin Ngwali, na desturi ya mji ule ilikuwa kwamba bibi wa heshima hatoki nje ila ndani ya shiraa, hema la kitambaa libebwalo na vijakazi wanne, na wapita njia wakaliona hema wasijue nani anatembea ndani yake.

Na karani wa Sultani alikuwa Mbaraka, mwenye pete ya akiki, na mtumishi wa pete ile ni jini Damdamu. Siku moja Sultani alitamka, "Nataka kujua raia wangu wanapenda nini." Basi Mbaraka akaisugua pete, akamwamuru jini amfuate kila mtu na kuandika kila duka atakaposimama, na akaongeza, akijiona mwerevu kwelikweli, "Majina usiandike. Bila majina, nani ataaibika?"

"Labeka, bwana wangu," akasema jini. "Lakini..."

"Hakuna lakini."

Sasa sikilizeni. Mbaraka alikuwa na dada, Zena, aliyetoroka asiozwe kwa nguvu Waziri Kingwaba, mzee aliyezika wake watatu na akawasengenya wote watatu. Zena alijificha mtaa wa washonaji, na mlango wake aliujua kaka yake peke yake. "Nakutegemea wewe, kaka," alimwambia. Na karatasi za jini zilipoletwa, Mbaraka aliona ile ya fundi viatu: mwanamke achechemeaye mguu wa kushoto. Akamtambua dada yake. Akanyamaza, maana Sultani alikuwa akimsifu, na wanaochechemea mjini ni wengi.

Waziri ndiye aliyesema barazani, "Ewe Damdamu, hebu zipandanishe karatasi hizi, unitafutie mwanamke achechemeaye, mwenye pumu, apendaye asumini."

Jini akazipandanisha. "Wanaochechemea ni mia, Bwana Waziri. Wanunuao dawa ya pumu kati yao ni tisa. Na katika tisa hao, anunuaye mafuta ya asumini kila Ijumaa ni mmoja, na hurudi mlango wa kijani, mtaa wa washonaji."

Mbaraka akageuka kumtazama jini. Jini akamnong'oneza, "Nilitaka kukwambia, bwana."

Harusi ya Zena na Waziri ikafanywa siku saba, na Mbaraka akatunukiwa nyumba ya ghorofa na majoho ya hariri. Zena alipopitishwa mbele yake alisema polepole, "Jina langu hukulitaja, kaka. Ahsante."

Tangu hapo Mbaraka aliona haya hata kununua mkate. Akajishonea shiraa, akatoka nayo, na wanawake kisimani wakaambizana, "Karani huyo. Makubadhi yake tunayajua, na udi wake tunaujua."

Hekaya yangu inakomea hapo, kwa harusi na mali kama ilivyo ada, na anayekusanya vijambo vya watu kimoja kimoja asijisifu kwamba hakutaja jina. Ndani ya hema, ambamo hakuna aliyemwona, Mbaraka aliufunika uso wake kwa mikono.