Injini Iliyochaguliwa kwa Sikio

Kisiwani kulikuwa na mtu mmoja, Malima, mwenye mashua ya tanga, na mashua hiyo ndiyo iliyomlisha. Ilivusha mihogo, mbuzi, maharusi na wagonjwa hadi ng'ambo ya ziwa kwenye mji wenye hospitali, ikarudi na chumvi na sukari. Tanga lake lilikuwa la viroba. Mkewe Nyabise ndiye aliyelishona, na kila lilipochanika alilishona tena, wala hakuna siku aliyoambiwa ahsante. Tanga halidai mafuta, halipigi kelele. Kitu cha namna hiyo mwanamume hukizoea mpaka asikione.

Lakini ziko siku upepo hufa. Mashua hukaa katikati ya maji kama kuku anayeatamia, na abiria huanza kumtazama nahodha. Malima hakuyapenda macho hayo. Akasema atatia injini ya dizeli, na hapo hakukosea. Mwenye tanga kuwa na injini ndogo ya kumsaidia siku ya shwari ni akili; hata Nyabise alikubali.

Akaenda ng'ambo kwa fundi. Fundi alikuwa nazo mbili. Ya kwanza ilikuwa ndogo, imetengenezwa kwa ajili ya mashua, inaingia chini ya mbao za sakafu bila kumsogeza mtu, na ikiwaka husikii ila mguno, kama mzee anayekubali jambo. Ya pili ilikuwa imeng'olewa kwenye mashine ya kusaga. Nanyi mashine za kusaga mnazijua: wenyewe huvika kopo mdomo wa bomba la moshi ili ilie puu, puu, puu, wanawake wa mbali wajue leo kunasagwa. Kopo lilikuwa bado lipo. Fundi akaziwasha zote, Malima akasimama akizisikiliza. Fundi alimwambia kwamba hiyo ya kusagia ni nzito, na mashua haikujengwa ili itikiswe. Akajibu kwamba nahodha asiyesikika hapati abiria. Akachukua yenye kopo. Ndivyo watu wanavyochagua injini, na ndivyo wanavyochagua wachungaji.

Ilipofika kisiwani haikuenea mashuani. Ikiwekwa nyuma, mashua inakaa matako. Wakaileta katikati, na katikati palikuwa na mlingoti. Mlingoti ukang'olewa, ukawa kuni. Kisha ikaonekana injini haitaki mvua. Nyabise alirudi kutoka shambani akakuta tanga limekatwa vipande viwili, kimoja kimeifunika injini, kingine kimetandikwa chini yake kunywa mafuta. Akaingia jikoni.

Malima akasikika. Akiwa mbali bado, gati zima lilijua anakuja, na vijana wa pale walimpokea kwa kelele: mzee Malima, tulete mahindi? Naye alicheka, maana hata dhihaka ni kutajwa. Huku chini, mtikisiko ulikuwa ukiitoa pamba iliyoziba nyufa za mbao, kidogo kidogo. Kila safari abiria mmoja alipewa kata achote maji. Nyabise alimwonya. Alijibiwa kwamba ziwani maji hayakosi, na injini nzuri haingoji ushauri wa jikoni.

Ndipo binti yao Nyangeta, aliyerudi kwao kujifungua mimba yake ya kwanza, akashikwa na uchungu. Uchungu ukakataa kwenda mbele. Mkunga akaosha mikono, akasema huyu si wangu, huyu ni wa hospitali. Asubuhi wakamlaza kwenye mashua, mama yake akakaa na kata, baba yake akapiga hendeli. Ikalia vizuri sana. Kijiji kizima kilijua Nyangeta anapelekwa.

Walipofika katikati, maji yalikuwa mengi kuliko mikono ya mama. Yakaifikia injini. Ikakohoa, ikanyamaza. Malima alipiga hendeli hadi ngozi ya viganja ikachubuka, na kila alipoacha ili apumue alimsikia mwanawe. Injini haikuwaka tena. Mashua ikageuka ubavu, ikaanza kusukumwa kuelekea kwenye mafunjo, mbali na hospitali, maana hapakuwa na shwari. Ulikuwa unavuma upepo wa ubavuni, ule unaopendwa na kila mwenye tanga. Uliingia kwenye kitenge cha Nyabise ukakijaza. Yeye hakuacha kuchota maji. Alisema neno moja tu, wala hakupaza sauti:

“Baba Nyangeta, upepo upo.”

Malima akatazama pale ulipokuwa mlingoti. Akarudi kwenye hendeli.

Alasiri wavuvi wakawaona, wakawafunga kamba, wakawavuta hadi mjini. Nyangeta alishuka ameshikwa mikono. Mtoto alishushwa ndani ya kitenge.

Msibani, wanaume walimzunguka Malima wakampa pole. Akawaeleza kosa lilikuwa wapi. Alisema injini ile ilikuwa ndogo. Angechukua kubwa zaidi, isingemwangusha. Nao wakaitikia kwa vichwa. Nyabise alikuwa karibu nao, anagawa uji, akasikia yote, akapita na sufuria yake.

Sasa ninyi mnaomsikitikia yule mtoto, niambieni: nyumbani kwenu tanga ni nani, na mmemkata ili mfunike nini?