Nani Aliyepandisha Idadi ya Lusanje?

Hebu fumba macho kidogo, umwone mama mmoja ameketi katika chumba chembamba chenye dirisha moja la nondo. Mbele yake kuna fomu, na kwenye fomu kuna mstari mmoja mtupu. Sasa ni saa nne na nusu asubuhi. Saa sita kamili tarishi atafika kuichukua. Mama huyo anaitwa Tulinagwe, karani wa takwimu katika kituo cha polisi cha Lusanje, na kalamu imeanza kulowa jasho mkononi mwake.

Kabla hatujaketi naye, tuwajue watu watatu.

Wa kwanza ni Koplo Nsiande, askari wa mapokezi. Kipaji chake ni kusikiliza. Mweleze habari za kuku wako aliyeibwa kuanzia siku alipoanguliwa, hatakukatiza hata mara moja.

Wa pili ni Bi Kalunde, muuza vitumbua pale stendi. Kipaji chake ni kusindikiza. Mtu akiogopa kwenda mahali, Bi Kalunde hufunika karai lake, akamwambia, "Twende, mwanangu, nami nilikuwa naelekea hukohuko," hata kama hakuwa anaelekea popote.

Wa tatu ni Bwana Shelukindo, mchora ramani wa ofisi ya ardhi. Kipaji chake ni kuona. Mwaga mchele sakafuni, atakuonyesha punje nyingi zimelala wapi.

Sasa sikiliza desturi ya jiji lao, jiji la Ndarama. Kila Januari jiji huhesabu wizi ulioripotiwa katika kila kata na kuulinganisha na wa mwaka uliotangulia. Kata iliyoshuka kuliko zote hupewa kikombe. Kata iliyopanda hutakiwa kujieleza.

Lusanje ilichukua kikombe miaka minne mfululizo, na njia yake ilikuwa rahisi. Mtu akija kusema ameibiwa simu, aliulizwa, "Risiti unayo? Huna? Njoo kesho." Kesho hakuja. Asiyekuja hakuandikwa, na asiyeandikwa hakuhesabiwa. Tulinagwe alijumlisha kilichokuwamo daftarini, akapiga mstari chini yake, akaenda nyumbani. Mara ya mwisho alipata arobaini na moja. Walikipokea kikombe kwa soda na keki.

Mwaka uliofuata Koplo Nsiande akapangiwa mapokezi. Hakumwambia mtu aje kesho. Aliandika simu, majiko, baiskeli, hata kamba ya kuanikia nguo pamoja na nguo zake. Mwenye risiti aliandikwa, na asiye na risiti aliandikwa.

Lakini daftari lilikuwa wazi na watu hawaji, kwa sababu walishazoea kufukuzwa. Bi Kalunde ndiye aliyewaleta. Alimleta fundi cherehani, akamleta mjane wa nyuma ya msikiti, akawaleta wanafunzi wa chuo watatu kwa mpigo. Wakishafika mlangoni aliwasukuma mgongoni taratibu, naye akarudi kwenye karai lake.

Daftari likajaa, na bado wezi walikuwa wanaiba. Hapo Bwana Shelukindo akaomba alisome. Alichora Lusanje nzima kwenye karatasi kubwa, akaweka nukta nyekundu kwa kila wizi. Mwezi Novemba aliweka kidole nyuma ya kiwanda cha mbao. "Njia zote zinazopita kwenye hizi nukta zinatokea hapa," akasema. Askari walipokwenda walikuta ghala limejaa mali za watu, na vijana wanne ndani yake. Wanne hao sasa wako rumande wakisubiri mahakama. Tangu siku ile Lusanje watu huanika nguo na kwenda sokoni bila kumwachia jirani aziangalie.

Januari ikafika. Tulinagwe akajumlisha, akapata mia mbili na kumi na nne.

Makao makuu ya polisi ya jiji hawakuuliza habari za ghala. Walileta fomu yenye swali moja: *Taja jina la mtu mmoja aliyesababisha ongezeko hili.* Tulinagwe akapiga simu hukohuko.

"Shikamoo, afande. Huyu anayetajwa ni wa kupongezwa au wa kuwajibishwa?"

"Marahaba. Wewe andika jina, mama. Huko mbele litajulikana."

"Naweza kuandika watatu?"

"Mstari uko mmoja."

"Na nikiuacha wazi?"

"Basi ni kosa la karani. Tutarudisha ile arobaini na moja, hizo nyingine zitafutwa."

Tulinagwe alielewa maana yake. Kesi zikifutwa, wale vijana wanne hawana wa kuwashtaki, watarudi mtaani. Akafikiri kuandika jina lake mwenyewe, kisha akaona kwamba hilo nalo litaitwa kosa la karani. Kila mlango aliousukuma ulikuwa umefungwa kwa nje.

Akawaita wote watatu chumbani. Walisimama, maana kiti kilikuwa kimoja.

"Ukweli usemwe," Bwana Shelukindo alianza, "bila ramani wasingekamatwa."

"Kaka yangu, nukta ulizitoa wapi?" Koplo Nsiande akauliza. "Ulizichota daftarini kwangu."

"Na daftarini walijileta wenyewe?" Bi Kalunde akasema. "Vitumbua vyangu viliungua mara ngapi mwaka huu?"

"Vilikuwa vinaungua tangu zamani, Bi Kalunde," Koplo akamtania.

Wakacheka. Ndipo Tulinagwe akawaambia yanayosemwa makao makuu. Wengine walisema atakayetajwa atapelekwa kufundisha vituo vyote vya jiji. Wengine walisema ataondolewa Lusanje: akiwa askari atahamishiwa mpakani, akiwa muuzaji atanyang'anywa nafasi yake stendi, akiwa wa ofisi ya ardhi atasimamishwa kazi.

Kicheko kikakatika. Bwana Shelukindo alibakiwa na miezi mitano astaafu. Koplo Nsiande alikuwa anamuuguza mama yake nyumba ya tatu kutoka kituoni. Bi Kalunde hakuwa na mahali pengine pa kuweka karai.

"Ramani nilisaidia tu," Bwana Shelukindo akasema polepole.

"Mimi nilipangiwa mapokezi, sikuomba," akasema Koplo Nsiande.

Bi Kalunde aliitazama ile fomu. Kisha akasema, "Dada Tulinagwe, sisi hatuwezi kukusaidia. Andika utakavyoona, hatutakuchukia."

"Hilo ndilo linaloniumiza," Tulinagwe akajibu. "Mngenichukia ningeandika haraka."

Saa sita kasorobo. Pikipiki ya tarishi inasikika ikipinda kona. Wote wanne bado wamo chumbani.

Basi, wewe unayesikiliza, kalamu nakuachia. Je, ungeandika jina la aliyesikiliza, la aliyesindikiza, au la aliyeona? Chagua moja, maana Tulinagwe hakupewa nafasi ya kuchagua zaidi. Ila nakuomba jambo dogo: utakapolitaja jina hilo, kumbuka kwamba mwenyewe amesimama karibu nawe, anasikia.