Kwa Nini Maandalizi Huandikwa Mara Moja Tu

Sogeeni, wajukuu zangu, kaeni hapa karibu na magoti yangu. Aliye na neno alimeze kwanza, maana koo langu siku hizi haliwezi kushindana na kelele.

Zamani, kompyuta zilipokuwa bado ngeni kwetu, nilikuwa mpika chai katika ofisi ya mfereji wa Nanga, uliopeleka maji mashambani. Pale palikuwa na hati moja ndefu iliyoandikwa na Tuntufye, kijana mpole wa kuchekacheka. Ilikuwa na maneno ya kueleza, kama barua, kisha kipande cha amri za kompyuta, kisha maneno tena. Vijiji vinane, vipande vinane, kila kimoja kikikadiria lango la kijiji chake lifunguliwe kiasi gani. Na wakati ule kila kipande kilianza upya na maandalizi yale yale: soma nguzo ya kupimia maji, ongeza sentimita arobaini, ndipo upate kina.

Mwaka wa mafuriko nguzo iling'oka, ikasimikwa tena ikizama sentimita kumi zaidi. Arobaini ikawa thelathini. Tuntufye akarekebisha kipande kimoja kimoja, chai yangu ikipoa mezani. Alipomaliza cha saba akaitwa mkutanoni. Cha nane, cha Ilolo, kule mkiani mwa mfereji, kikabaki na arobaini yake. Kompyuta ikadhani maji ni mengi, na lango la Ilolo likafunguliwa upenyo tu.

Wiki ya pili akaingia mama Nsekela, mkulima wa mpunga wa Ilolo, akamwaga mezani kwa Tuntufye miche ya manjano kutoka kwenye kanga.

"Mwanangu, karatasi yako inasema tunaogelea. Hii nayo inasemaje?"

"Mama, hesabu ziko sawa."

"Basi nisomee. Macho yangu hayajui herufi, masikio yanasikia."

Akasoma. Kwenye kipande cha tatu mama akacheka. "Hayo umeshayasema. Kwenu chungu hubandikwa upya kwa kila bakuli?"

Akaendelea mpaka cha nane. Mama akainua mkono. "Hapo. Kwa wenzetu umesema thelathini. Kwetu umesema arobaini."

Tuntufye aliiacha hati mezani. Alitoka mbio kwenda langoni. Nusu ya miche ilipona. Nusu ilikuwa imeshakufa, na mama Nsekela akapanda mahindi pale.

Kesho yake Tuntufye aliyafuta maandalizi yote manane. Akayaandika mara moja, mwanzoni mwa hati, akayapa jina Nsekela, na kila kipande kikawa kinaliita jina hilo tu.

Na tangu siku hiyo, waandishi wa hati za namna ile huandaa mara moja, kisha huita kwa jina. Ilolo walipewa, kama fidia, zamu ya kwanza ya maji kila msimu. Tuntufye alibaki na desturi ya kusoma kazi yake kwa sauti mpaka alipostaafu. Hiyo haikupata mrithi, vijana wa sasa wanasoma kimya. Mama Nsekela tulishamzika. Kompyuta ndiyo iliyorithi jina lake, na kila asubuhi bado huliita mara nane.